Apiyo Kwanza

Tangu alfajiri Tusekile hakuwa ametulia. Nguo zake alizikunja akazitia begini, akazitoa, akazikunja upya kana kwamba kosa lilikuwa la nguo. Chai aliiacha nusu. Njiani kutoka Mamboleo, mtaa wa Kisumu, kwenda kanisani kwenye chanjo, muuguzi Celestine, ambaye ndiye aliyempa chumba cha kulala, alimsemesha weee mpaka akachoka, akanyamaza. Mtu mwenye jambo moyoni ukimsemesha unapoteza mate yako bure.

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Kesho asubuhi angepanda basi kurudi kwao Tanzania, na Gordon bado hakuwa amempeleka kwa mama yake.

Wapo watakaocheka. Watasema, binti mzima na diploma yake, aliyevuka mpaka kwenda kujitolea kazi ya afya katika nchi ya watu, anakosa usingizi kwa ajili ya kumsalimia mama wa mtu? Wacheke tu. Hao hawamjui mzee Mwakalinga wa Tukuyu. Alipoambiwa kwa simu kwamba binti yake amepata mtu huko Kisumu, mzee hakufoka. Aliuliza tu, "Kwao umefika?" Aliposikia bado, akasema, "Kijana ambaye hajakuonyesha mlango wa kwao ni rafiki wa barabarani, mwanangu. Ukiondoka, mwache huko huko barabarani." Tusekile alimjua baba yake. Akirudi hivi hivi, jina la Gordon halingetajwa tena katika nyumba ile. Angelia, angezoea, na siku moja wangemletea mwingine.

Naye hakutaka mwingine. Alimtaka Gordon Odongo, fundi wa friji, mwanamume mrefu mpole ambaye alizunguka zahanati zote za kando ya ziwa akihakikisha friji za chanjo hazifi. Alimtaka tangu wiki ile ya kwanza, alipokuwa hajui hata kusema asante kwa Kijaluo, na Gordon akawa anapita kila Ijumaa na chupa ya maji baridi akijifanya njia yake ni hiyo. Penzi ni kikohozi, nalo halikuchukua muda kusikika Mamboleo nzima.

Jumatano, walipokuwa wakila samaki katika kibanda kimoja pale Otonglo, Tusekile alikuwa ameamua kuuliza.

"Nipeleke nikamsalimie mama kabla sijaondoka."

Gordon aliweka chini kipande cha samaki alichokuwa anakipeleka mdomoni. "Tuse, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Kwetu mkubwa ndiye anaoa kwanza. Opiyo bado. Nikipeleka msichana nyumbani kabla yake, ni kama nimemruka."

"Lakini Opiyo si pacha wako?"

"Alitoka kwanza."

"Kwa muda gani, jamani?"

"Mama anasema mkunga alikuwa hajamaliza hata kumfunga kwa shuka."

Tusekile alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki, na kicheko kikamkauka. Opiyo yuko Doha, mlinzi wa maduka, na kwa habari zilizopo hakuwa na mchumba wala dalili ya mchumba.

"Kwa hiyo mimi na wewe," alisema polepole, "tunamngojea mlinzi wa Doha apate mtu wa kumpenda?"

Gordon alirudi kuchambua mifupa ya samaki. Tangu siku hiyo wakawa hawajasemezana, mpaka leo, Jumamosi ya chanjo.

Kanisa lilikuwa kwenye mteremko wa kwenda ziwani, na kabla jua halijapanda uwanja wake ulikwisha kujaa akina mama. Walikuja na watoto mgongoni, watoto mkononi, watoto wa jirani waliokabidhiwa njiani. Leo ilikuwa siku ya sindano ya surua kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Meza ya Celestine iliwekwa chini ya paa la veranda. Yeye ndiye aliyechoma. Kazi ya Tusekile ilikuwa kumpokea mtoto anayefuata, kumpakata kwenye benchi na kumshika mkono ili asirushe, na akishachomwa, kumpaka wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ijulikane amepata. Lakini leo kila pikipiki iliyolia barabarani ilimfanya ainue shingo, na mtoto mmoja alipakwa wino mpaka kwenye kiganja.

"Nyar Tanzania," Celestine alimwambia bila kuinua macho, akimwita binti wa Tanzania kwa Kijaluo, "hiyo ni mtoto, si ukuta. Acha kupaka rangi."

"Samahani."

"Atakuja. Bila yeye hakuna barafu, na bila barafu hakuna kazi."

Akaja kweli, na boksi la chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Alilishusha, akaliweka kando ya meza, akafungua kifuniko akakagua vifuko vya barafu kimoja kimoja, kazi ambayo siku nyingine huimaliza upesi sana. Leo aliirefusha. Tusekile naye akajifanya anatafuta kalamu, iliyokuwa mkononi mwake. Macho yao yakakutana juu ya boksi lile. Ya Gordon yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala, na Tusekile alifurahi kuyaona hivyo, kisha akajichukia kwa kufurahi.

"Umeamkaje?" Gordon aliuliza.

"Sijalala, kwa hiyo sijaamka."

"Basi lako ni saa ngapi kesho?"

"Asubuhi. Una la kuniambia, Gordon, au unauliza ratiba?"

Midomo ya Gordon ilifunguka. Tusekile alingoja. Mama mmoja kwenye foleni akasogea karibu ili asikie vizuri. Gordon akafunga midomo, akafunga na boksi.

"Barafu hii haifiki jioni," alisema. "Naenda zahanati kuleta nyingine."

Akapanda pikipiki akaenda. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na Tusekile akaomba maji.

Alikuwa hajamaliza kuyanywa alipofika mbele yake mama mmoja mrefu, wa makamo ya kukaribia uzee, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa kukaza, harufu ya omena, dagaa wa sokoni, bado iko kwenye leso yake. Mkono huu kashika msichana, mkono huu kashika msichana, wote wa miaka mitatu, wote na nguo ya njano, sura moja utadhani umemwona mtu na kioo chake.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo iende kwa nani? Hapa asubuhi tunasema oyawore." Lakini alikuwa anatabasamu. "Hawa ni wajukuu yangu. Mama yao yuko Nairobi, kazi."

Nyuma ya meza, Celestine alikohoa.

Sasa, mmoja wa wale pacha aliona sindano. Hakulia, hakuuliza. Alichomoa mkono wake akakimbia kuingia kanisani, na kilichoonekana mwisho ni nyayo zake zikipotea chini ya mabenchi. Mwenzake alibaki. Alimtazama Tusekile, akatazama sindano, akapandisha mwenyewe mkono wa nguo yake mpaka begani. Tusekile alimpenda papo hapo. Akamnyanyua, akampakata.

"Wewe! Shukisha huyo mtoto!"

Sauti ya yule mama ilifanya foleni nzima ikatike maongezi.

"Kuna shida, mama? Ana homa?"

"Hana homa. Huyo ni Adongo. Apiyo ndio wa kwanza."

"Apiyo amekimbia, mama. Tumchome huyu aliye tayari, kisha tumfuate mwenzake."

"Pacha hawarukwi. Ukianza na huyu mdogo, umeruka mkubwa yake. Mimi nimezaa mapacha, najua hii maneno."

Celestine akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Tusekile alidhani ni vumbi.

"Mama, naomba unisikilize. Dawa ni ile ile, na kipimo ni kile kile."

"Nimesema dawa si moja? Nimesema Apiyo kwanza."

Foleni ikagawanyika hapo hapo. Msichana mmoja mwenye mtoto mchanga akasema, "Mama, siku hizi hiyo maneno haiko." Mwingine akamrukia, "Haiko kwenu! Kwetu iko!" Wa tatu akasema yeye ana mbuzi nyumbani hawajala, waamue upesi. Na katikati ya kelele zile yule mtoto Adongo alikaa kimya mapajani mwa Tusekile, mkono wa nguo umepandishwa, anangoja. Labda ni kule kungoja kwake kulikomshinda binti wa watu. Alijisikia akisema, na alipoanza hakuweza kujizuia.

"Na Apiyo asipotaka? Akikaa huko chini ya mabenchi mpaka jioni, huyu naye akae bila kinga? Surua haimuulizi mtu alizaliwa wa ngapi, mama! Huyu mtoto kosa lake ni nini? Kwamba alichelewa kidogo kutoka tumboni? Sasa maisha yake yote atakuwa anamngojea mwenzake aamke, mwenzake aamue, mwenzake apende ndipo na yeye apende?"

Wanawake wakatazamana. Surua wanaijua, lakini kupenda kumeingiaje?

Yule mama hakukasirika. Alimtazama Tusekile toka kichwani hadi miguuni, akarudi kichwani, jinsi anavyotazama samaki kabla ya kukubali bei.

"Nyathina, mwanangu," alisema taratibu, "hii si maneno ya sindano."

Celestine alikuwa sasa anakohoa kama mtu wa kulazwa. Pikipiki ilizimika nyuma ya foleni, na mtu akaja mbio na boksi la barafu kifuani.

"Mama! Kuna nini?"

Alikuwa Gordon. Na hakuwa akimwita mama wa watu. Alikuwa akimwita mama yake.

Tusekile alitamani ardhi ya kanisa lile ifunguke. Miezi miwili ameota siku ya kukutana na mwanamke huyu. Alikuwa amemnunulia kitenge. Alikuwa amejifunza salamu. Na sasa wamekutana, naye amemfokea mbele ya kata nzima, akiwa na mjukuu wake mapajani.

"Kumbe ni huyu," alisema yule mama, Mama Benta kwa jina lake mwenyewe. Hakumwuliza mtu.

"Ndiyo, mama," Gordon alijibu chini chini.

"Mtanzania."

"Ndiyo."

"Sasa mbona analilia mapacha? Umemwambia nini?"

Gordon alihamisha boksi kutoka mkono huu kwenda mkono huu. Tusekile aliona kwamba hatajibu, na kwa kuwa mambo yalikwisha kuharibika, akajibu yeye.

"Aliniambia hawezi kunileta kwako, mama, mpaka Opiyo aoe."

"Opiyo?"

Mama Benta alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Opiyo alinipigia simu Krismasi ya mwaka jana. Akasema, mama, mwambie Odongo asiningoje, mimi huku Doha sina haraka na wanawake. Nimempa ruhusa. Akasema hata ng'ombe mmoja atatoa yeye. Mimi na hii mdomo yangu nikamwambia huyu. Gordon, nilikuambia ama sikukuambia?"

Foleni yote ilimgeukia Gordon.

"Uliniambia."

"Na wazee walisema nini?"

"Walisema mkubwa akikubali, hakuna neno."

Tusekile hakuhisi hasira kwanza. Alihisi baridi, kama mtu aliyefunuliwa blanketi usingizini. Siku zote hizi alikuwa akigombana na mila za watu, akigombana na mtu wa Doha ambaye hajamwona, akigombana usiku na Mungu. Kumbe mlango ulikuwa wazi. Aliyekuwa ameuegemea ni Gordon mwenyewe.

"Watu wangu," Celestine alisema, na kikohozi chake kilikuwa kimepona ghafla, "kesi itangoja. Hii dawa nimeshaichanganya, haikai. Na laini imefika barabarani."

Alisema kweli. Watoto walikuwa watoto, hawana kosa katika mapenzi ya mtu. Tusekile alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akamshusha Adongo polepole akamsimamisha kando ya bibi yake.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea adabu mbele za watu. Apiyo kwanza." Kisha, bila kumtazama Gordon, "Kamtoe Apiyo."

Gordon aliingia kanisani. Walisikia mabenchi yakisukumwa, wakasikia akibembeleza, wakasikia kichwa cha mtu kikigonga ubao na neno ambalo si la kanisani. Akatoka na magoti ya vumbi na Apiyo amemng'ang'ania shingoni. Tusekile alimpokea, na katika kumpokea mikono yao ikagusana, na mwili wake, usio na aibu, ukamsisimka kama siku ya kwanza. Apiyo alipiga ukelele uliosikika ziwani. Adongo alichomwa akakunja uso tu.

"Dakika moja," Gordon alimnong'oneza. "Tafadhali. Nyuma ya kanisa."

Tusekile alimtazama Celestine, na Celestine akamtikisia kichwa aende, kalamu akaishika mwenyewe.

Nyuma ya kanisa palikuwa na ukuta mfupi, na chini yake ziwa limejaa magugu, kijani kitupu mpaka mbali. Tusekile hakuketi. Alikwenda huku na huku mbele ya ukuta.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Mila iko."

"Gordon!"

"Nilikudanganya," alisema.

"Kwa nini? Kama hunitaki, si ungesema? Mimi ni mtu mzima. Ningelia, ningenawa uso."

"Nani amesema sikutaki?" Sauti ya Gordon ilipanda kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nakutaka mpaka naharibu kazi. Juzi nimefunga waya ya friji kinyume, mimi, fundi wa miaka kumi! Nakutaka, Tuse. Hiyo ndiyo shida."

"Shida iko wapi hapo?"

Alikwangua vumbi kwenye goti.

"Unajua mama anaitwa nani kijijini? Mama Opiyo. Hakuna siku hata moja mtu amemwita Mama Odongo. Opiyo alianza shule, nikafuata. Akaingia sekondari, nikafuata. Aliposema friji zina pesa, mimi nikaenda kusomea friji. Yeye akabadilisha mawazo, akaenda zake Doha, mimi nikabaki na friji." Alijaribu kucheka. "Watu wanadhani kuwa mdogo ni uchungu. Ni raha, Tuse. Kitu kikiharibika, aliyeanza ni mwingine. Sasa akaniambia, ndugu yangu, pita. Nikatazama mbele, hakuna mtu. Nikaogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Kwamba nitakupeleka kwetu, nitasimama mbele ya baba yako, nitakutoa kwenu na kukuleta mbali, halafu ikiharibika, ni mimi niliyetaka. Si Opiyo. Si mama. Ni mimi."

Tusekile alisimama. Hasira yake bado ilikuwepo, mbichi kabisa, lakini pembeni yake ulikuwepo upendo uleule wa jana, haujapungua hata chembe, na hakujua aanze na lipi. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kumshika uso kwa mikono miwili.

"Mimi nimekuja hapa peke yangu," alisema. "Sikuwa na ndugu, sikujua lugha, sikujua njia. Unadhani sikuogopa? Nilitapika mpakani."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Hapo Mama Benta alitokea kwenye pembe ya kanisa, wale pacha mkono huu na mkono huu. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia yaliyomtosha.

"Nyar Tanzania, mimi sina maneno mingi. Mdomo yako ni kali, lakini umeomba msamaha bila kusukumwa, na mjukuu yangu umemshika vizuri. Kuja nyumbani ukule. Nina samaki, nina kuku. Huwezi kuenda kwenu bila kukanyaga kwangu."

Hayo ndiyo maneno. Ndiyo yaliyomkosesha usingizi, ndiyo ambayo angempelekea baba yake Tukuyu: nimefika, nimekula, nimeonyeshwa mlango. Moyo wa Tusekile uliruka kuyapokea. Akamtazama Gordon. Gordon alikuwa anamtazama mama yake, na usoni mwake palikuwa na nafuu, nafuu kubwa ya mtu aliyetuliwa mzigo na mwingine.

Na ile nafuu ndiyo iliyomuuma Tusekile kuliko uongo.

"Mama," alisema, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha kwao, "nashukuru kutoka moyoni. Mungu anajua nilivyotamani kusikia hivyo. Lakini siwezi kuja."

"Huwezi? Kwa nini?"

"Sikuwa nangoja kualikwa na wewe."

Mama Benta aligeuka akamtazama mwanawe, na alimtazama muda mrefu, kwa huruma na kwa ghadhabu, jinsi mama peke yake anavyoweza kuchanganya viwili hivyo.

"Mano adier," alisema. "Ni ukweli. Wuoda, mwanangu, umesikia?" Akawavuta wajukuu wake. "Mimi naenda kupika. Nani atakula, sijui."

Tusekile hakungoja kuona zaidi. Alirudi mezani, akaichukua kalamu kutoka kwa Celestine, akampokea mtoto aliyefuata, na aliyefuata. Hakulia. Alikuwa na kazi. Alishika mikono midogo iliyokuwa ikijirusha, akasema pole, pole, imekwisha, akapaka wino. Nyuma yake alijua, bila kugeuka, kwamba Gordon bado yuko kule ukutani. Kisha akasikia pikipiki ikiwashwa. Ikaunguruma kidogo. Kitu ndani yake kikalegea. Basi, alijiambia. Imekwisha. Mwache barabarani.

Pikipiki ikazimwa.

"Wewe Gordon, laini!" mama mmoja alipiga kelele. "Laini, Gordon! Tumekaa hapa tangu asubuhi!"

"Nisameheni, mama zangu. Leo siwezi kungoja."

Alikuwa anapenya katikati ya foleni, yeye ambaye hata dukani huwaachia watoto wanunue kabla yake. Alikanyaga leso ya mtu akaomba radhi, akagonga kikapu cha mtu akaomba radhi, akafika mezani jasho linamtoka. Alisimama mbele ya Tusekile na sauti yake, ile ya chini chini, sijui aliiacha wapi, maana hata waliokuwa barabarani walimsikia.

"Tusekile Mwakalinga. Mama ameenda kupika, hiyo ni yake. Mimi simtumi mama, na Opiyo hayuko hapa. Ni mimi. Mimi Gordon Odongo nakuomba uje nyumbani kwetu leo. Na kesho panda basi lako, sikuzuii, lakini mwezi ujao nitakuja Tukuyu na wazee, na mwenye kutangulia mlangoni kwa baba yako ni mimi. Nikiharibu, ni mimi nimeharibu. Nataka wewe."

Hakuna mtoto aliyelia. Hata wao walikuwa wanatazama. Kisha yule msichana mwenye mtoto mchanga akapiga kigelegele, mwenzake akakipokea, na foleni nzima ikalipuka mpaka mchungaji akachungulia dirishani.

Tusekile alikuwa na kidole cha mtoto mkononi na kalamu haijakigusa. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamume huyu, mengine ya kumshukuru na mengine ya kumlipiza, na alijua yote yatasemwa, mengine leo, mengine wakiwa wazee. Lakini mbele yake palikuwa na watoto.

"Nimalize hawa," alisema, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakaja yenyewe, na uso ulikuwa unacheka. "Kisha twende."

"Twende wapi?" Celestine alichokoza.

"Kwao."

Akina mama wakasogeana kwenye benchi wakamwachia Gordon nafasi, wakaipigapiga wakimwambia akae, apumzike, ameshasema. Gordon alitazama ile nafasi, akatazama foleni iliyozunguka kanisa.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Wengi," Celestine alimjibu. "Kaa."

Gordon hakukaa. Alikwenda mwenyewe kumpokea mtoto aliyefuata.